Kubaki na Mfumo wa Kamera Ambao Kesho Yake Haijulikani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila kampuni ya kamera inapouzwa, au inapokaa miaka bila kutoa bodi mpya (kamera yenyewe bila lenzi), maswali yale yale hurudi. Yamepangwa hapa kuanzia ya msingi hadi ya pembeni. Mwenye haraka ya kujua kuhusu adapta (ringi za kuvalishia lenzi ya mfumo mmoja kwenye bodi ya mwingine) aende moja kwa moja sehemu ya nne. Huko ndiko wengi wanakopotezea pesa.

## 1. Mambo ya msingi

Watu wanaposema "mfumo wa kamera" wanamaanisha nini?

Bodi ni sehemu tu. Mfumo ni kifungio, yaani ile ringi ya chuma ambako lenzi hujikaza kwenye bodi, pamoja na kila kinachokitegemea: lenzi zenyewe, adapta, flashi, betri, chaja na programu. Bodi hubadilishwa baada ya miaka michache, lakini lenzi nzuri inaweza kukaa na mtu miaka ishirini. Kwa hiyo anayesema mfumo wake umekufa analalamika kwamba hakutatokea tena bodi mpya ya kuvalisha lenzi alizonazo.

Kifungio kinaweza kuishi kuliko wamiliki wake. Kile cha K cha Pentax kilizaliwa mwaka 1975. Kampuni ikaingia mikononi mwa Hoya, kisha Ricoh ikainunua mwaka 2011, na lenzi ya K ya enzi zile bado inaingia kwenye bodi ya K-1 ya mwaka 2016. Canon, kwa upande mwingine, haikuwa na shida yoyote ya kufilisika ilipokiacha kifungio chake cha FD na kuanzisha EF mwaka 1987, lakini wenye lenzi za FD waliachwa nyuma vilevile. Ukubwa wa kampuni si kinga.

Mfumo ukisitishwa, kamera yangu itaacha kufanya kazi?

Haitaacha. Picha utakazopiga mwezi ujao zitakuwa na ubora ule ule wa zile za mwezi uliopita. Kinachotokea ni kwamba vitu vinavyoizunguka kamera huisha kimoja kimoja. Kwanza lenzi mpya hazitoki, kisha betri halisi za kampuni zinaadimika, kisha fundi anakosa vipuri, na mwishoni programu ya simu ya kuhamishia picha inagoma kwenye simu mpya. Safari hiyo huchukua miaka, na kila hatua ina namna yake ya kujikinga (tazama sehemu ya tatu).

Kwa nini mifumo mingi imeyumba?

Soko limesinyaa. Takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera wa Japani, zinaonyesha kwamba mwaka 2010 zilisafirishwa kamera za dijitali zipatazo milioni 121. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Simu ndiyo iliyokula kamera ndogo za mfukoni, ambazo faida yake ilisaidia kulipia utafiti wa kamera kubwa.

Halafu kukaja mageuzi ya kamera zisizo na kioo cha kuakisi picha ndani (mirrorless). Nikon na Canon zilianzisha vifungio vipya, Z na RF, mwaka huo huo wa 2018. Kampuni yenye vifungio viwili hulipa wahandisi mara mbili, kwa hiyo ukitaka kujua kitakachofuata kaburini, angalia kile ambacho kampuni inakiweka nafasi ya pili.

Ni mifumo ipi imefungwa kweli?

Ya karibuni ni hii. Four Thirds ya Olympus ilianza na bodi ya E-1 mwaka 2003, na bodi yake ya mwisho, E-5, ikatoka mwaka 2010. Samsung NX ilianza mwaka 2010, ikatoa NX1 iliyosifiwa sana mwaka 2014, na muda mfupi baadaye Samsung ikajiondoa sokoni. Nikon 1 ilizinduliwa mwaka 2011 na kuthibitishwa kusitishwa mwaka 2018. Kifungio cha A, ambacho Sony ilikirithi kutoka Konica Minolta mwaka 2006, bodi yake ya mwisho ni a99 II ya mwaka 2016. Canon EF-M ilianza mwaka 2012, ikaachwa baada ya RF kuchukua nafasi yake.

Na ipi inazikwa na watu kila mwaka ilhali bado inapumua?

Micro Four Thirds (kifungio cha Olympus na Panasonic, tofauti na Four Thirds iliyofungwa) na Pentax K. Olympus ilipotangaza Juni 2020 kwamba inauza kitengo chake cha kamera kwa Japan Industrial Partners, wengi walikimbilia kuuza vifaa vyao kwa bei ya kutupa. Kampuni mpya, OM Digital Solutions, ilianza kazi Januari 2021. Ikatoa OM-1 mwaka 2022, OM-1 Mark II mwaka 2024 na OM-3 mwaka 2025. Panasonic nayo ilitoa G9 II mwaka 2023 na GH7 mwaka 2024 kwa kifungio hicho hicho. Aliyeuza mwaka 2020 kwa hofu tu, bila sababu nyingine, alimfaidisha mnunuzi.

Hilo halina maana kwamba Micro Four Thirds iko salama milele. Lina maana kwamba kuuzwa kwa kampuni, peke yake, hakukutabiri lolote.

## 2. Kusoma dalili

Dalili zipi ni za kweli na zipi ni uvumi?

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Lakini kwenye kamera kuna mengi yanayosemwa miaka kumi bila kuja. Dalili moja naiamini kuliko zote: kampuni ile ile inapotoa bodi yenye kihisi (kipande kinachopokea mwanga wa picha) cha ukubwa ule ule kwenye kifungio kingine. Canon ilipotoa R7 na R10 mwaka 2022, bodi za kihisi cha APS-C, ukubwa ule ule wa EF-M, kwenye RF, hatima ya EF-M ilikuwa imeshaandikwa hata kabla ya tamko lolote. Hakukuwa tena na kazi ambayo EF-M pekee ingeifanya.

Dalili ya pili ni lenzi. Kampuni inayojiandaa kuondoka huacha kubuni lenzi kabla ya kuacha kuuza bodi, kwa sababu gharama ya kubuni lenzi hurudi baada ya miaka mingi. Ratiba ya lenzi zijazo ikitoweka na isirudi, zingatia. Ya tatu ni watengenezaji huru kama Sigma na Tamron: hao hawana mapenzi na kifungio cha mtu, wanafuata wateja.

Ukimya wa bodi peke yake ni dalili dhaifu. Pentax hukaa miaka bila bodi mpya, halafu inaibuka na kitu ambacho hakuna aliyekitarajia, kama K-3 Mark III Monochrome ya mwaka 2023.

Kampuni imesema itaendelea. Niamini?

Amini kilichopo dukani. Hakuna kampuni itakayotangaza kifo cha bidhaa iliyojaa ghalani mwake. Nikon 1 haikupata bodi mpya baada ya J5 ya mwaka 2015, na uthibitisho ukaja miaka mitatu baadaye.

## 3. Ukiamua kubaki

Nani abaki, nani asibaki?

Abaki ambaye vifaa alivyonavyo vinafanya kazi yake leo, na ambaye kamera ikimfia katikati ya wiki hatapoteza mteja. Huyo sioni kwa nini ahame. Anayepiga harusi au habari, anayehitaji kukodi bodi nyingine siku hiyo hiyo au kupata fundi ndani ya wiki, aanze kuhama wakati kifaa chake bado kina bei. Kwake swali ni la huduma, wala si la ubora wa picha.

Walio katikati, yaani wanaopiga kwa mapenzi lakini mara moja moja hulipwa, ndio wanaohangaika zaidi. Ushauri wangu kwao: bakini, lakini msiongeze (tazama swali la kununua lenzi zaidi).

Ninunue bodi ya akiba?

Ndiyo, na iwe ya modeli ile ile unayoitumia. Ukichukua modeli nyingine ya mfumo huo huo unaweza kujikuta na betri za aina mbili, chaja mbili na menyu mbili, na faida ya kuwa na akiba inapungua.

Ikiwa ni iliyotumika, usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Uliza idadi ya mapigo ya shata, lile pazia linalofunguka kila picha. Bodi nyingi za daraja la kati hukadiriwa kuhimili mapigo 100,000 hadi 150,000, za juu zaidi hupita hapo; OM-1 imekadiriwa 400,000. Piga picha ya ukuta mweupe kwa tundu dogo la lenzi, f/16, uone madoa ya kihisi. Bonyeza kila kitufe na zungusha kila gurudumu. Vaa lenzi, ishike na uitikise kidogo: ikicheza, kifungio kimelegea.

Kisha itumie. Bodi iliyofungiwa boksini miaka mitano inaweza kukusaliti siku unayoihitaji. Ichaji na upige nayo picha kadhaa kila baada ya miezi michache.

Betri zitaisha. Nifanyeje?

Hili ndilo tatizo la mapema kuliko shata, na watu hulidharau. Betri ya lithiamu huzeeka hata ikiwa haijafunguliwa kwenye pakiti yake, kwa hiyo kununua kumi leo kwa ajili ya miaka kumi ijayo ni kujidanganya. Nunua mbili au tatu halisi wakati bado zinatengenezwa. Zile usizozitumia zihifadhi mahali pa baridi zikiwa na nusu ya chaji, si zikiwa zimejaa na si tupu.

Baadaye utategemea betri za watengenezaji wengine. Modeli zilizouzwa sana hazikosi. Tabu iko kwa modeli zilizouzwa kidogo. Kagua kila betri kwa mkono: ilaze juu ya meza na uizungushe. Ikizunguka kama pia, tumbo limeshatoka. Ikigoma kutoka kwenye bodi hadi uipigepige kiganjani, imevimba. Usiirudishe ndani, na usijaribu kuibana iingie.

Angalia pia kama bodi inakubali kuchajiwa kwa waya wa USB. Inayokubali haitegemei chaja ya nje, na chaja za zamani huwa ngumu kupatikana kuliko betri zenyewe.

Vipuri na fundi?

Kampuni nyingi huendelea kutengeneza kwa miaka kadhaa baada ya kusitisha bidhaa. Sheria ya jimbo la California, kwa mfano, inawataka watengenezaji wa vifaa vya elektroniki wanaotoa dhamana, kwa vifaa vya kuanzia dola 100, wawe na vipuri kwa angalau miaka 7 tangu modeli ilipoacha kutengenezwa. Baada ya hapo fundi hutegemea bodi mbovu za kuchinjia. Kwa hiyo bodi yako ya zamani iliyokufa usiitupe.

Niendelee kununua lenzi za mfumo huu?

Nunua iliyotumika, ya bei uliyo tayari kuipoteza, na inayoziba pengo unalolihisi kila unapotoka kupiga. Usinunue kwa sababu tu imeshuka bei. Kama una hakika utabaki miaka mingine mitano, lenzi bora ya mfumo ulioachwa ni moja ya manunuzi mazuri kwenye fani hii.

Kabla ya kulipa, fungua tundu la lenzi hadi mwisho, washa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili kwa kuinamisha lenzi. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzinyuzi nyembamba zinazotawanyika kutoka ukingoni ni fangasi, iache.

## 4. Adapta

Nikihama, lenzi zangu zinaweza kuvaliwa kwenye bodi mpya?

Inategemea vitu vitatu, na vyote vitatu lazima vikubali.

Cha kwanza ni umbali kati ya kifungio na kihisi. Lenzi hutengenezwa kwa umbali maalumu, na adapta hujaza pengo. Nikon F ni milimita 46.5, Pentax K ni 45.46, Canon EF ni 44, Canon RF ni 20, Micro Four Thirds ni 19.25, Sony E na Canon EF-M ni 18, Nikon Z ni 16. Ukitoka kwenye namba kubwa kwenda ndogo, kuna nafasi ya adapta. Ukitoka ndogo kwenda kubwa, lenzi ingepaswa kuzama ndani ya bodi. Ndiyo sababu wenye lenzi za EF-M hawakupata adapta ya kawaida ya kwenda RF: 18 haiwezi kurefushwa ikawa 20 bila kioo cha ziada katikati. Kampuni ile ile, na mlango umefungwa.

Cha pili ni ukubwa wa duara la picha. Lenzi ya Micro Four Thirds hutengenezwa kwa kihisi cha milimita 17.3 kwa 13. Iweke mbele ya kihisi cha 36 kwa 24, na pembe zitakuwa nyeusi.

Cha tatu, na ndicho kinachosahaulika, ni umeme. Kina swali lake hapa chini.

Adapta imeingia vizuri, lakini ringi ya kulengea haifanyi chochote. Imeharibika?

Huenda haijaharibika. Fanya jaribio hili: ivue lenzi kwenye bodi, ishike mkononi, zungusha ringi huku ukitazama kioo cha mbele na cha nyuma. Kwenye lenzi nyingi za kisasa, zikiwemo nyingi za Micro Four Thirds, hakuna kitakachosogea. Ringi ile haijaunganishwa na vioo. Inatuma ishara tu, na mota ndiyo inayosogeza. Adapta ya chuma tupu haina pini za kupitisha umeme kati ya bodi na lenzi, kwa hiyo mota imelala.

Tundu nalo lina hadithi hiyo hiyo. Lenzi ya Canon EF isiyopata umeme hubaki wazi kabisa. Kuna ujanja wa zamani: ikiwa bado kwenye bodi ya Canon, chagua f/8, shikilia kitufe cha kuonea kina cha picha, kisha ivue lenzi ukiwa hujakiachia. Tundu litabaki pale pale kwenye f/8. Inafaa kwa mandhari. Kwa mtoto anayekimbia, sahau.

Kwa hiyo lenzi ya zamani yenye ringi halisi ya kulengea na ringi ya tundu husafiri kokote, ilhali ya kisasa ya bei mbaya inaweza kufungwa kwenye mfumo wake. Ukinunua lenzi leo kwa mfumo wenye mashaka, hili lipime kabla ya ukali wa picha.

Na adapta za kampuni zenyewe?

Hizo ni bora, zikiwa na mipaka yake. Adapta ya Nikon FTZ hupeleka lenzi za F kwenye Z na kuziwezesha kulenga zenyewe, ila zile zisizo na mota ndani, zilizozungushwa na mota ya bodi, utazilenga kwa mkono. LA-EA5 ya Sony, ya mwaka 2020, ina mota yake kwa ajili ya lenzi za zamani za A, lakini si kila bodi ya E inaitumia mota hiyo. Wenye EF ndio waliobahatika: kwenda RF karibu hakuna wanachopoteza.

## 5. Ukiamua kuhama

Niuze lini?

Si wiki ya tangazo baya. Wiki hiyo wote walioogopa wanauza kwa pamoja. Uza kabla, ukiwa umeona dalili za sehemu ya pili, au subiri vumbi litulie.

Nihamie wapi?

Anza na lenzi unayoitumia zaidi, uangalie kama kuna ndugu yake kule unakokwenda, kwa uzito na bei unayoiweza. Mpiga ndege mwenye OM 300mm f/4 kwenye Micro Four Thirds anaona pembe sawa na ya 600mm kwenye kihisi kikubwa, kwa kubeba takriban kilo moja na nusu. Sony 600mm f/4 ina kilo 3.04 na inakusanya mwanga mwingi zaidi. Canon RF 600mm f/11 haifiki hata kilo moja, lakini kwenye kiza cha msitu f/11 itakutoa jasho. Hayo ndiyo mazungumzo ya kweli ya kuhama. Umri wa kampuni unakuja baadaye.

Nihame mara moja au kidogokidogo?

Kama huna haraka, kidogokidogo: bodi moja na lenzi moja kwanza, upige nazo msimu mzima. Kubeba mifumo miwili kwa muda ni kero, ila kuna wanaogundua kwamba hawakuhitaji kuhama.

## 6. Mambo ya pembeni

Faili zangu za RAW (data ghafi ya kamera) zitafunguka miaka ijayo?

Programu kubwa haziondoi uwezo wa kufungua faili za kamera za zamani, na zipo za bure zinazofungua RAW za kamera zilizosahaulika. Mwenye wasiwasi abadilishe nakala moja kuwa DNG, muundo ulio wazi ambao Adobe iliutoa mwaka 2004. Kilicho hatarini zaidi ni programu za kampuni yenyewe: pakua programu ya kompyuta na toleo la mwisho la programu ya ndani ya kamera, uvihifadhi pamoja na picha zako kabla ukurasa haujafutwa.

Kamera yangu ya zamani inakataa kadi mpya. Kadi ni mbovu?

Huenda kamera ni ya kizazi cha nyuma. SD ya mwanzo huishia GB 2, SDHC huishia GB 32, na zaidi ya hapo ni SDXC. Kamera ya SDHC kwa kawaida haitaielewa kadi ya GB 64. Weka akiba ya kadi ndogo. Wenye kamera za xD, kadi za Olympus na Fujifilm, wana kazi zaidi, kwani watabaki na zilizotumika.

Flashi yangu itahamia?

Yenye kiatu cha kawaida chenye pini ya katikati itawaka karibu kokote, ila kwa kuiwekea nguvu mwenyewe. Angalizo ni kwa wenye Minolta na Sony za zamani, zilizotumia kiatu chao wenyewe kuanzia mwaka 1988 hadi Sony ilipokibadilisha mwaka 2012. Hizo zinahitaji adapta ya kiatu.

Kamera inasahau tarehe kila nikitoa betri. Ndiyo mwisho wake?

Hapana. Ndani kuna betri ndogo ya saa inayochajiwa na ile kubwa. Ikikaa miezi bila matumizi huisha. Weka betri kubwa iliyojaa na uiache humo siku moja au mbili, kisha ijaribu tena. Ikiendelea kusahau, betri ndogo imechoka. Kwa bodi nyingi kuibadilisha ni kazi ya kufungua kamera na kuchomelea, kwa hiyo wengi huacha na kuweka tarehe kwa mkono kila asubuhi ya kupiga. Ukisahau, tarehe za picha zinaweza kusahihishwa zote kwa mpigo kwenye kompyuta, mradi unajua tofauti ya saa.